Ramani ya Karatasi na Ramani ya Kioo

Ewe msomaji, ukisimama Ngoliba, si mbali na mlima wa Kilimambogo, utauona mto Athi ukienda zake mashariki. Huko mbele mto huo huitwa Galana, kisha Sabaki, hata ukamwaga maji yake baharini kaskazini ya Malindi. Ufuate kwa fikira, nawe utafika mahali ambapo elimu ya kuongoza vyombo ina historia ndefu.

Mwezi wa Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, asiijue njia ya kwenda Bara Hindi. Mfalme wa Malindi akampa rubani, na kabla mwezi mmoja haujatimia tangu kung'oa nanga waliiona nchi ya Wahindi. Mabaharia wa bahari yetu walipima kimo cha nyota kwa kibao chenye uzi wa mafundo, na majira ya kaskazi na kusi waliyajua. Ramani yao kubwa ilikuwa akilini.

Baadaye, kati ya 1822 na 1826, Kapteni William Owen wa Uingereza alizipima pwani za Afrika, na Mombasa ikiwamo. Bildi ilitupwa majini, kina kikasomwa, kikaandikwa. Wengi katika watu wake walikufa kwa homa. Kwa hiyo tarakimu ndogo za ramani zile zilipatikana kwa gharama kubwa.

Siku hizi setilaiti humwonyesha mwenye mashua ya matembezi mahali alipo, juu ya ramani iliyo katika kioo. Je, karatasi ina kazi gani tena? Zingatia habari hii. Usiku wa tarehe 29 Novemba 2014 mashua ya mashindano iitwayo Vestas Wind, ikitoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, ilipanda miamba ya Cargados Carajos, kaskazini-mashariki ya Mauritius. Miamba hiyo ilikuwamo katika ramani yao. Lakini kioo kikionyesha eneo kubwa kwa pamoja, alama nyingine hufichika, nao hawakuikuza picha ya kutosha. Kwa bahati watu wote 9 waliokoka.

Karatasi haibadiliki machoni pa mtazamaji, wala haihitaji umeme. Hata hivyo ina ila zake: haikuambii ulipo, na masahihisho yake hutiwa kwa mkono. Mwaka 2022 idara ya Uingereza ichapayo ramani za bahari ilitangaza kwamba itaziacha za karatasi mwishoni mwa 2026. Watumiaji walipolalamika, muda ukasogezwa angalau hata 2030.

Basi usiulize tu ni ipi iliyo mpya. Kioo hakikupima bahari. Kimepokea yaliyopimwa na watu. Uitazamapo ramani yoyote, uliza: nani aliyepima, alipima lini, na ni kipi kisichoonekana hapa? Nahodha mwenye busara huchukua zote mbili, na macho yake hayaachi kutazama maji.