Stereo Ilianzia Kwa Muvi
Wasee, nilipoacha chuo nilimaliza masalio ya karo kwa wufa ya spika tano. Muvi zilinguruma, lakini muziki ulitoka kama umefungiwa kwa debe.

Historia ingeniokoa. Inasimuliwa kuwa injinia Mwingereza Alan Blumlein alikerwa na sinema: mwigizaji yuko upande huu wa skrini, sauti inatoka ule. Desemba 1931 akaomba hataza ya stereo: spika mbili zinazofanya sikio lijue sauti iko wapi. Santuri za stereo zilijaa madukani baadaye, 1958.

Kwa hivyo muvi na muziki si maadui. Kama mfuko ni mdogo, nunua spika mbili nzuri, TV ikae katikati. Tano za bei ya kutupa ni kelele tu.