Mkuki kwa Zamu

Kabla ya kuwapo mji wa Eldoret, uwanda wa Uasin Gishu ulikuwa malisho ya kugombaniwa. Kwa Wanandi, kuyalinda haikuwa kazi ya askari wa mshahara. Ilikuwa kazi ya rika.

Mvulana alianza kwa kuchunga ng'ombe. Wakati wake ulipofika aliingia jandoni na wenzake, wakatengwa kwenye menjo, nyumba ya jando, kwa miezi, wakifundwa adabu na uvumilivu na motiriot, mwalimu wao. Walitoka wakiwa ibinda moja, rika lenye jina: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige au Nyongi. Majina hayo saba huzunguka. Likipita la mwisho, la kwanza huwarudia vitukuu.

Wapiganaji, yaani murenik, hawakulala kwa mama zao. Walilala pamoja katika sigiroinet, nyumba ya vijana, na vitani walikwenda kwa pororiet, kikosi cha watu wa eneo moja.

Sparta ya Wayunani nayo ilimtoa mtoto kwao akiwa na miaka 7, na wanaume wake walikula pamoja kila jioni. Ila Mspartati aliwajibika kwenda vitani hadi miaka 60. Mnandi alishika mkuki kwa zamu. Kila baada ya miaka 15 hivi ilifanyika saget ab eito, sherehe ya kukabidhiana zamu. Maksai mweupe alichinjwa mbele ya orkoiyot, kiongozi wa kiroho, wazee wakala nyama, na kila kijana akajikatia pete ya ngozi ya maksai huyo, akaivaa katika kidole cha mkono wa kulia. Kisha rika lililotangulia likavua mavazi ya vita, likajitanda manyoya ya kizee. Vijana wakaambiwa: nchi sasa ni yenu kuilinda.

Wapiganaji hao waliwapinga Waingereza tangu 1895. Tarehe 19 Oktoba 1905, orkoiyot Koitalel arap Samoei alikwenda kuzungumzia amani, akauawa na ofisa Richard Meinertzhagen. Wanandi walishindwa, lakini zamu haikufa siku hiyo. Ilikatwa mwaka 1923. Watu walikuwa wakijiandaa kwa saget ab eito. Serikali ya kikoloni ikahofia maasi, ikapiga sherehe marufuku na kumkamata orkoiyot Barsirian arap Manyei, mwana wa Koitalel. Aliachiliwa mwaka 1964.

Hadi leo mzee wa Kinandi mjini Eldoret akikutana na mwanamume asiyemjua huenda akamuuliza ibinda lake, ajue kama ni wa kumwita mwana au mwenzake. Majina bado yanazunguka. Maksai mweupe hakuchinjwa tena.