Kuziba kwa Mrija wa Eustachi: Namna Ugonjwa Unavyoandikwa na Kupewa Msimbo

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa anayefika katika kituo cha kutolea huduma za afya akieleza kuwa sikio limeziba, sauti anazisikia kwa mbali na ndani ya sikio kuna mvumo, huondoka akiwa na ushauri au dawa. Nyuma yake hubaki mistari michache katika jalada lake na msimbo wa herufi na tarakimu katika fomu. Maandishi hayo ndiyo atakayoyasoma daktari mwingine baadaye, ndiyo yatakayotumika kuhakiki dai la bima, na ndiyo yatakayoingia katika takwimu za nchi. Yakikosewa, mgonjwa ndiye wa kwanza kuumia.

Mrija wenyewe na kazi yake

Mrija wa Eustachi, uliopewa jina la Bartolomeo Eustachi, mwanaanatomia wa Italia wa karne ya 16, huunganisha sikio la kati na sehemu ya juu ya koo, nyuma ya pua. Kwa mtu mzima una urefu wa takriban milimita 35. Theluthi moja iliyo upande wa sikio ni ya mfupa na sehemu iliyobaki ni ya gegedu. Kwa kawaida mrija huu hufungwa, na hufunguka mtu anapomeza au kupiga miayo, ili shinikizo la hewa ndani ya sikio lilingane na la nje.

Mrija unapoziba kutokana na mafua, mzio au kukua kwa nyama za nyuma ya pua, hewa iliyo ndani hupungua, ngoma ya sikio huvutwa kuelekea ndani, na majimaji yanaweza kujikusanya. Watoto huathirika zaidi kwa kuwa mrija wao ni mfupi na umelala kuliko wa watu wazima.

Msimbo unaotumika

Katika toleo la kumi la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa (ICD-10) la Shirika la Afya Duniani, lililoidhinishwa mwaka 1990, magonjwa ya sikio yamo katika Sura ya VIII, kuanzia H60 hadi H95. Kuvimba kwa mrija wa Eustachi ni H68.0, na kuziba kwake ni H68.1. Mrija unaobaki wazi isivyo kawaida ni H69.0, ilhali kasoro ya mrija isiyobainishwa ni H69.9.

Zipo hali nyingine ambazo mgonjwa huzieleza kwa maneno yale yale, “sikio limeziba”, lakini si ugonjwa huu. Nta iliyoganda ni H61.2. Majimaji yasiyo na usaha katika sikio la kati huangukia H65, na maambukizi yenye usaha H66. Madhara ya shinikizo yampatayo msafiri wa ndege au mpiga mbizi ni T70.0. Kwa sababu hiyo, msimbo hauchaguliwi kwa kauli ya mgonjwa pekee, bali baada ya sikio kuchunguzwa.

Marekani hutumia toleo lake la ICD-10 tangu tarehe 1 Oktoba, 2015, ambalo huonesha pia upande: H68.101 ni sikio la kulia, H68.102 la kushoto na H68.103 ni yote mawili. Toleo la Shirika la Afya Duniani halina tarakimu hiyo. Panapotumika toleo hilo, upande ulioathirika hauna budi kuandikwa kwa maneno katika jalada.

Yanayopaswa kuandikwa

Maelezo yaliyokamilika hutaja sikio lililoathirika, muda wa tatizo, chanzo kinachofahamika, hali ya ngoma ya sikio ilivyoonekana, na matokeo ya kipimo cha shinikizo la sikio la kati au cha usikivu iwapo kimefanyika. Chanzo kikithibitika, nacho hupewa msimbo wake, kama vile J30 kwa mafua ya mzio au J35.2 kwa kukua kwa nyama za nyuma ya pua.

Iwapo uchunguzi haujafikia hitimisho, mwongozo wa ICD-10 huelekeza kuandika dalili au kasoro iliyoonekana, badala ya kuandika ugonjwa kwa neno “huenda”. Maumivu ya sikio ni H92.0 na mvumo wa sikio ni H93.1. Dalili iliyoandikwa kwa uaminifu huacha mlango wazi kwa uchunguzi zaidi, lakini jina la ugonjwa lililobahatishwa huufunga.

Umuhimu wa upande na muda

Kwa mtu mzima, majimaji ya sikio la kati yanayodumu upande mmoja bila sababu ya wazi huhitaji uchunguzi wa eneo la nyuma ya pua, kwa kuwa uvimbe wa hapo, ikiwemo saratani yenye msimbo C11, unaweza kuubana mrija. Mgonjwa akihudhuria mara tatu katika vituo tofauti, na kila mara ikaandikwa “sikio limeziba” pasipo upande wala muda, hakuna daktari atakayeona kuwa ni sikio lile lile kwa miezi kadhaa.

Nafasi ya mwananchi

Mwananchi anashauriwa kueleza tatizo lilianza lini, ni sikio lipi, na dawa alizokwisha kutumia. Kuuliza jina la ugonjwa alioandikiwa. Na kutunza karatasi za vipimo na za rufaa. Mwanachama wa bima ahakikishe kuwa huduma zilizoorodheshwa katika fomu ya madai ndizo alizopatiwa kabla ya kutia saini.

Toleo la kumi na moja, ICD-11, lilianza kutumika rasmi kimataifa tarehe 1 Januari, 2022, na nchi zinaendelea kuhamia humo kwa awamu. Misimbo itabadilika, lakini wajibu wa kuandika kwa ukamilifu kile kilichoonekana utabaki pale pale.