Dunia Haijaviringika Sawasawa

Mwaka 1672, mwanafalaki Mfaransa Jean Richer alitua Cayenne, Amerika Kusini, na saa ya pendulamu. Karibu na ikweta, pendulamu iliyorekebishwa Paris ilichelewa takriban dakika mbili na nusu kwa siku, akalazimika kuifupisha kwa karibu milimita 3. Kuna waliosema joto ndilo lililorefusha chuma. Isaac Newton, katika kitabu chake cha 1687, alitoa sababu nyingine: Dunia kwa kujizungusha imefura kiunoni, na mvutano wa ikwetani ni hafifu kuliko wa kwenye ncha. Ufaransa ikatuma wapimaji Peru na Lapland katika miaka ya 1730, na vipimo vyao vikampa Newton ushindi. Leo tunajua kwamba nusukipenyo cha ikwetani kinazidi cha kwenye ncha kwa kilomita 21.

Satelaiti zilipoanza kurushwa, uvimbe huo uliziyumbisha. Huivuta satelaiti kuelekea ikweta, na njia yake hugeuka polepole kama pia inayoyumba. Mwaka 1958 Marekani ilirusha Vanguard 1, tufe dogo la kilo moja na nusu. Njia yake ilikuwa na mabadiliko ambayo uvimbe peke yake haukutosha kuyaeleza. Mwaka uliofuata John O'Keefe na wenzake wakaonyesha kwamba Dunia ina umbo la pea kidogo: ncha ya kusini imebonyea, ya kaskazini imechomoza, kwa makumi tu ya mita.

Wahandisi nao wakaigeuza kero kuwa nyenzo. Njia iliyoinama kwa nyuzi kama 98 huzungushwa na uvimbe karibu nyuzi moja kwa siku, sawa na mwendo wa Jua miongoni mwa nyota. Ndiyo maana satelaiti za Landsat, tangu 1972, hupita juu ya mahali palepale saa ileile.

Mwaka 2002 zikaja satelaiti pacha za GRACE za kupima mvutano wa Dunia, zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220. Ya mbele ikikaribia penye uzito mkubwa huvutwa kwanza, na pengo hupanuka, pengine kwa kiasi kidogo kuliko unene wa unywele. Hata hivyo lilipimwa. Kwa kuwa barafu na maji navyo huvuta, zilionyesha barafu ya Greenland ikipungua, na Ziwa Victoria likipoteza maji miaka ya 2003 hadi 2006. Warithi wao, waliorushwa 2018, hupima hata maji ya chini ya ardhi pasipo na kisima kilichochimbwa.