Swali la Katekisimu Lilitoka Wapi

Kila msharika aliyepita darasa la Kipaimara analijua swali hili. Unasoma amri, unafika mwisho wa sentensi, na kabla hujavuta pumzi Katekisimu Ndogo inakuuliza maana yake. Unasoma sehemu ya Imani, inakuuliza tena. Sala ya Bwana, ombi kwa ombi, ni vivyo hivyo. Wengi wetu tumelizoea kiasi kwamba hatulisikii tena, kama vile mtu anayekaa jirani na mashine ya kusaga asivyosikia kelele zake. Tunaomba turudi nyuma kidogo tuone lilitoka wapi, maana habari yake inatusaidia kuelewa kwa nini watu huuliza, na kwa nini wakati mwingine hawaulizi kabisa.

Mwishoni mwa mwaka 1528 Martin Luther alikuwa miongoni mwa waliotumwa kukagua sharika za Saxony. Ukaguzi ulifanyika kwa agizo la mtawala, na mwongozo wake uliandaliwa na Philipp Melanchthon. Matengenezo yalikuwa yametimiza miaka 11. Mahubiri mengi yalikuwa yamehubiriwa, vitabu vimechapwa, mijadala imefanyika mbele ya wakuu. Lakini huko vijijini Luther aliwakuta watu waliobatizwa, wanaokuja kwenye Meza ya Bwana, ambao hawakujua Sala ya Bwana, wala Imani, wala Amri Kumi. Baadhi ya wachungaji wao hawakuweza hata kuwafundisha. Alirudi na uchungu, nao unaonekana wazi katika dibaji aliyoiandika. Mapema mwaka 1529 mafundisho yake yakaanza kutolewa kama karatasi kubwa za kubandikwa ukutani, na kabla mwaka haujafika katikati yakawa kijitabu.

Tukiangalia vizuri, watu wale hawakuwa wakisumbuliwa na maswali. Walikuwa kimya. Kwa vizazi vingi misa ilikuwa imefanyika mbele yao kwa Kilatini, na hakuna aliyetazamia kwamba mkulima ataelewa. Mtu asiyetazamiwa kuelewa ataulizaje? Kwetu tunasema kuuliza si ujinga, na tunausema msemo huo kwa sababu hofu ipo: mtu anaogopa kuonekana mjinga, ananyamaza, na ukimya wake unahesabiwa kuwa ni utii. Luther hakuuhesabu hivyo. Katika ukimya wa Saxony aliona njaa ambayo wenye njaa wenyewe walikuwa wameizoea.

Ndiyo maana swali la Katekisimu lina hali yake ya pekee. Kwa kawaida anayeuliza ndiye asiyejua. Hapa anayeuliza ni mzazi, naye jibu analo. Watoto wetu wanaufahamu mtindo huo, kwa kuwa anayetega kitendawili analijua jibu tangu mwanzo. Anatega ili akili ya mwenzake iamke. Mwaka 1526, alipoandika juu ya ibada kwa lugha ya Kijerumani, Luther alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi ya kufanya nyumbani: mtoto aulizwe anaomba nini, akijibu aulizwe tena maneno hayo yana maana gani, na kuendelea hivyo hatua kwa hatua. Hakutaka aishie kukariri. Sisi tungesema alimwazima mtoto swali, kwa kuwa mtoto hakuwa nalo bado.

Desturi hiyo ni ya zamani kuliko Wittenberg. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 12, Musa anawaambia wazee wa Israeli kwamba watoto wao watakuja kuuliza maana ya ibada ya Pasaka, na wajiandae kujibu. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, linarudia jambo hilo kuhusu sheria. Katika Yoshua, sura ya 4, mawe 12 yanatolewa Yordani na kusimamishwa Gilgali, na sababu inatajwa wazi: ili siku moja mtoto aulize. Linatupendeza sana jambo hili. Wazee wanabeba mawe mazito mabegani ili mtoto ambaye hajazaliwa apate kitu cha kuulizia.

Marabi waliichukua kazi hiyo kwa bidii. Mishna, mkusanyiko wa mafundisho yao uliokamilika yapata mwaka 200 baada ya Kristo, inaeleza kwamba usiku wa Pasaka mwana humwuliza baba yake kwa nini usiku huu ni tofauti. Na kama mwana hana ufahamu wa kuuliza, baba humfundisha. Talmudi inaendelea mbele zaidi. Kama mwana hawezi, mke wa mtu aulize. Kama hayupo, mtu ajiulize mwenyewe. Hata wanazuoni wawili wanaoijua sheria yote ya Pasaka lazima waulizane. Anayejua kila kitu naye hajasamehewa kuuliza!

Na tuangalie mahali maswali haya yanapotokea. Swali la Pasaka linaulizwa mezani, mbele ya chakula. Hata mana jangwani ilianza hivyo. Katika Kutoka, sura ya 16, Waisraeli waliona kitu chembamba juu ya nchi wakaulizana ni kitu gani, na kitabu chenyewe kinaliunganisha jina la mana na swali hilo la Kiebrania. Kwa miaka 40 walikula chakula ambacho jina lake ni swali. Swali la Luther kwa Kijerumani ni la namna hiyo hiyo: maneno matatu mafupi, kama ya mtoto anayeonyesha sahani kwa kidole.

Kwa hiyo, kwa maoni yetu, watu huuliza wanapowekewa kitu mbele yao na kuamini kwamba ni chao. Asiyemwamini aliyeandaa meza hasumbuki kuuliza. Anasukuma sahani au anaondoka. Anayeuliza bado amekaa. Hapa tunatofautiana na wale wanaoona kila swali juu ya imani kuwa ni dalili ya kuasi. Bwana wetu mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 12, alikutwa hekaluni akiwasikiliza walimu na kuwauliza.

Majibu ya Katekisimu yanakwenda katika njia hiyo. Unaulizwa maana ya kumkiri Mungu Muumba, na jibu halikupi maelezo ya nyota na bahari. Linakutaja wewe: mwili wako, macho na masikio, nguo na viatu, nyumba, shamba na mifugo. Unaulizwa habari za mkate wa kila siku, na orodha inafika mpaka kwenye serikali njema, hali ya hewa na majirani waaminifu. Mkulima wa Saxony alisikia habari ya ng'ombe wake ndani ya Imani ya kanisa.

Baadaye mambo yalibadilika, na mabadiliko hayo tunayaonea huzuni. Katika ufalme wa Denmark na Norway, Kipaimara kiliwekwa kwa sheria mwaka 1736. Mwaka uliofuata Erik Pontoppidan akatoa maelezo yake ya Katekisimu yenye maswali 759, ambayo vizazi vya watoto walikariri pamoja na majibu yake. Pontoppidan alikuwa mcha Mungu, na kitabu chake kililea imani ya wengi. Lakini maswali 759, yote ya mtu mzima! Swali lililoazimwa ili mtoto apate sauti likawa mtihani wa kupimia kama anafaa.

Katika dibaji yake Luther alikuwa ametaja hatua tatu. Kwanza watu wajifunze maneno yenyewe, yasiyobadilishwa-badilishwa. Pili wafundishwe maana. Tatu waendelee mbele, kwa mapana zaidi, kila jambo likifafanuliwa kadiri ya mahitaji ya watu wa mahali hapo. Nyumbani kwake hatua hiyo ya tatu ilifanyika wakati wa kula: wanafunzi na wageni walimwuliza kila aina ya jambo, wakaandika alichojibu, na mwaka 1566, miaka 20 baada ya kifo chake, mazungumzo hayo yakachapwa.

Katika sharika zetu hatua mbili za kwanza zinafanyika vizuri. Siku ya Kipaimara vijana wanasimama mbele na majibu yanatoka bila kigugumizi, wazazi wanafurahi, picha zinapigwa. Maswali yao wenyewe ni mengine. Kwa nini tulimwombea mama na akafa? Babu aliyekufa kabla Injili haijafika yuko wapi? Mbona mzee yule anaongoza maombi na nyumbani anampiga mkewe? Hayo hayamo katika kijitabu. Sisi wachungaji tunayapokea mlangoni, baada ya sala ya kufungia, mara nyingi kutoka kwa kijana ambaye darasani hakusema neno.