Maji, Joto na Tamaa ya Kasi

Mwaka 1980 IBM ilitangaza kompyuta kubwa ya 3081, ambayo prosesa zake zilipozwa kwa maji. Hiyo ilikuwa mashine ya taasisi tajiri, si ya chumbani kwa mwanafunzi.

Mwaka 1998 Intel ikatoa Celeron 300A ya bei nafuu. Kasi yake ilikuwa hesabu rahisi: megahezi 66 za ubao mkuu mara 4.5, takribani 300. Watumiaji waligundua kwamba wakipandisha 66 hadi 100 wanapata 450, sawa na Pentium II iliyouzwa ghali zaidi. Nyingi zilistahimili, lakini si zote.

Prosesa zilipozidi kuchemka, maji yakaingia majumbani pamoja na pampu, mipira na rejeta yake. Hata hivyo, maji huondoa joto tu. Hayaikingi prosesa na volti iliyozidi. Ukiongeza volti kwa asilimia 10, joto hupanda kwa takribani asilimia 21, hata kasi isipobadilika.

Kwa hiyo anayetaka usalama hupandisha kasi kidogo kidogo, huipa mashine kazi nzito kwa saa kadhaa huku akitazama nyuzijoto, na volti huigusa mwisho kabisa.