Kijana, Lugha na Hakimu: Utume wa George Q. Cannon katika Visiwa vya Hawaii (1850–1854)

0. Utangulizi

Wanafunzi wanaosoma historia ya taaluma ya Kiswahili hujifunza mapema majina ya wamisionari: Krapf, Steere, Sacleux. Majina ya wenyeji waliokaa nao saa nyingi, wakiwasahihisha matamshi na kuwapa maana za maneno, ni nadra kutajwa darasani. Katika makala haya tunakusudia kulitazama suala hilo kwa mbali, kupitia kisa cha kijana wa dini ya Wamormoni aliyetumwa katika Visiwa vya Hawaii katikati ya karne ya 19. Kisa hiki kina faida mbili kwa mtafiti wa lugha. Kwanza, kijana mwenyewe aliacha kumbukumbu ambamo anaeleza jinsi alivyojifunza lugha na jinsi alivyotafsiri. Pili, mwenyeji aliyemsaidia anajulikana kwa jina, kwa kazi na kwa mwisho wake. Swali letu ni hili: imani ya mmisionari kijana ugenini hushikiliwa na nini, na mwenyeji ana fungu gani katika imani hiyo?

1. Kijana na kanisa lake

George Quayle Cannon alizaliwa Liverpool, Uingereza, tarehe 11 Januari 1827. Wazazi wake waliingia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho mwaka 1840, yaani miaka kumi tu baada ya Joseph Smith kuliasisi huko Marekani. Mwaka 1842 familia ilivuka Bahari ya Atlantiki. Mama alifia safarini, na baba akafariki mwaka 1844. Mwaka huohuo Joseph Smith aliuawa na kundi la watu wenye silaha, na baadaye waumini wake wakalazimika kuhama hadi Bonde la Salt Lake. Cannon alilelewa na John Taylor, mume wa shangazi yake, na katika ofisi yake ya magazeti mjini Nauvoo akajifunza kazi ya uchapaji.

Mwaka 1849 alitumwa pamoja na vijana wengine California kuchimba dhahabu, kazi ambayo hakuipenda hata kidogo. Mwaka uliofuata Charles C. Rich, mmoja wa viongozi wa kanisa, aliwateua watu kumi waende Hawaii kuhubiri. Cannon alikuwa na umri wa miaka 23. Hawakuahidiwa mshahara: kila mmoja alitakiwa kuishi kwa akiba yake na kwa ukarimu wa wenyeji. Miongoni mwao alikuwamo Henry Bigler, ambaye shajara yake ndiyo inayowasaidia wanahistoria kujua kwa hakika kwamba dhahabu ya California iligunduliwa tarehe 24 Januari 1848. Mtu aliyekuwapo dhahabu ilipoonekana kwa mara ya kwanza aliiacha, akaenda kuhubiri bila malipo.

Meli iliyowachukua kutoka San Francisco iliitwa Imaum of Muscat. Msomaji wa Kiswahili atalitambua jina hilo: ndicho cheo ambacho Wazungu wa siku zile walimpa Seyyid Said, mtawala wa Omani na Unguja. Walishuka Honolulu tarehe 12 Desemba 1850.

2. Hawaii waliyoikuta

Hawaii ilikuwa ufalme huru chini ya Kamehameha III. Wamisionari wa Kiprotestanti kutoka Marekani walikuwa wamekwisha kukaa huko miaka thelathini. Walikuwa wameiandika lugha kwa herufi kumi na mbili tu, zilizokubaliwa mwaka 1826. Walikuwa wamefungua shule ya juu ya Lahainaluna mwaka 1831. Nayo Biblia nzima ilikuwa imetolewa kwa Kihawaii mwaka 1839. Kwa hiyo Wamormoni hawakuikuta nchi isiyo na kitabu. Waliikuta nchi ambamo watu wengi walijua kusoma, walikuwa na mazoea ya Maandiko, na waliweza kumuuliza mgeni maswali magumu.

Lakini nchi hiyo ilikuwa katika msiba. Magonjwa yaliyoletwa na meli yalikuwa yakiwamaliza wenyeji: hesabu ya mwaka 1850 iliwakuta watu wapatao 84,000, na ile ya mwaka 1853 wapatao 73,000. Mwaka huohuo 1853 ndui iliua maelfu. Tena, mgawanyo wa ardhi ulioanza mwaka 1848 ulikuwa ukifungua njia ya mashamba kupita mikononi mwa wageni. Watu waliomsikiliza kijana Cannon walikuwa watu waliozika jamaa zao karibu kila mwezi. Ni lazima tukumbuke hali hiyo tunapopima mwitikio wao kwa dini mpya.

3. Uamuzi wa kubaki

Wale kumi walijigawa visiwani kwa kura, na Cannon pamoja na Bigler na James Keeler wakaenda Maui. Mara wakapata mtihani. Walikuwa wamedhani kwamba wametumwa kwa Wazungu waliokaa visiwani. Kumbe Wazungu hao walikuwa wachache na hawakutaka kusikiliza. Je, warudi? Wengine waliona kwamba kazi imekwisha kabla ya kuanza. Katika miezi michache nusu ya wale kumi walikuwa wameondoka, na kiongozi wao mwenyewe akaenda zake katika visiwa vingine. Cannon alikata shauri la kubaki, kujifunza Kihawaii na kuwahubiria wenyeji, hata kama angebaki peke yake.

Uamuzi huo ulikuwa wa imani, lakini ulimgharimu katika mambo ya kila siku. Pale Lahaina mama mmoja mwenyeji, Nalimanui, aliwaachia wageni nyumba yake, yeye akahamia kwa binti yake. Chakula kilikuwa poi, uji mzito wa magimbi yaliyopikwa, kupondwa na kuachwa yachachuke. Cannon anasimulia kwamba alipouonja mara ya kwanza ulimtia kichefuchefu, kwani harufu yake ilimkumbusha chungu cha gundi ya wafunga vitabu. Alimwomba Mungu amfanye aupende, na baadaye akaula bila shida. Msomaji anaweza kutabasamu. Lakini kijana huyu alikuwa amefahamu kwamba mtu anayekataa chakula cha wenyeji hawezi kudai kwamba anawapenda.

Kuhusu lugha, Cannon anaeleza kwamba jioni moja, akiwa ameketi kati ya wenyeji waliokuwa wakizungumza, alishikwa na hamu kubwa ya kuwaelewa. Ghafla akahisi kitu kisicho cha kawaida masikioni. Aliruka, akashika kichwa kwa mikono miwili, akawaambia wenzake kwamba anaamini amepewa kipawa cha kutafsiri. Tangu hapo, asema, alielewa mengi. Mwanaisimu hana kipimo cha kukanusha wala kuthibitisha ushuhuda wa namna hiyo. Anachoweza kuongeza ni kwamba kipawa hicho kilimfikia mtu aliyekuwa amekaa kitako kati ya wasemaji, akila chakula chao na kulala chini ya paa lao, huku masikio yake yakifanya kazi mchana na usiku. Wale waliotafuta wasikilizaji wa Kiingereza hawakujiweka mahali ambapo kipawa kama hicho kingeweza kuwafikia.

4. Hakimu wa Wailuku

Mwezi Machi 1851, akipita Wailuku, Cannon alikutana na Jonathan Napela. Mtu huyu, aliyezaliwa mwaka 1813, alikuwa wa ukoo wa machifu, amesoma Lahainaluna, na alikuwa hakimu wa mahali hapo. Hakujiunga na kanisa kwa haraka: alisikiliza, akapima, akabatizwa Januari 1852. Wakati huo alikuwa amekwisha kumkaribisha Cannon nyumbani kwake na kuvumilia lawama za wahubiri waliotangulia.

Katika nyumba hiyo ndipo Kitabu cha Mormoni kilipotafsiriwa. Utaratibu wao unastahili kuangaliwa kwa makini. Cannon alitafsiri kurasa chache kutoka Kiingereza. Kisha alimweleza Napela mambo yanayosimuliwa humo, mahali na desturi zake. Halafu alimsomea tafsiri ile, akamwuliza maneno hayo yameacha picha gani akilini mwake. Kama picha haikulingana na kusudi, sentensi ilivunjwa na kujengwa upya. Tunachokiita leo jaribio la ufahamu wa msikilizaji kilifanywa na watu hawa wawili, mmoja mchapaji na mwingine mwanasheria, bila kitabu chochote cha nadharia.

Mfano mmoja utatuonyesha ugumu wa kazi yenyewe. Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza vina neno moja la nafsi ya kwanza wingi: sisi. Kihawaii hutofautisha: kākou ni sisi pamoja na wewe unayesikiliza, mākou ni sisi bila wewe. Tena kuna maumbo mengine ya watu wawili tu, kāua na māua. Kila mahali kitabu kinaposema sisi, mfasiri analazimika kuamua kama msikilizaji yumo au hayumo. Mmisionari naye anapohubiri hawezi kukwepa: akisema kākou amejiunga na watu wake, akisema mākou amejitenga nao. Sarufi ya wenyeji inamdai mhubiri jibu ambalo lugha yake mwenyewe ilimruhusu kulificha.

Kazi ya kwanza ilimalizika Julai 1853, na masahihisho, ambayo mwenyeji mwingine aitwaye Kauwahi alisaidia, yakaisha Januari 1854. Cannon aliondoka visiwani mwaka huo, wakati waumini wakiwa zaidi ya 4,000. Mwaka 1855 kitabu kilichapwa San Francisco kwa jina la Ka Buke a Moramona. Jina lenyewe ni somo la fonolojia: kama ilivyo kawaida ya maneno ya Kiswahili, kila silabi imefungwa kwa irabu.

Hapa pwani ya Afrika ya Mashariki inatupa mfano unaofanana kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1844, miaka michache tu kabla, Ludwig Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mjini Mombasa akisaidiwa na kadhi wa mji, Ali bin Mohedin. Kule hakimu, huku kadhi: wote wawili watu wa sheria, waliozoea kupima uzito wa kila neno kabla ya kulitamka.

5. Njia mbili za uzeeni

Cannon alipanda ngazi: alikuwa mtume wa kanisa lake, mjumbe wa Utah katika bunge la Marekani, na mshauri wa marais wa kanisa. Desemba 1900 alirudi Hawaii kwa sherehe za miaka hamsini ya utume ule. Alifariki Aprili 1901.

Napela alifuata njia nyingine. Mkewe Kiti aliugua ukoma, na mwaka 1873 sheria ikamtaka ahamishiwe Kalaupapa, katika kisiwa cha Molokai. Napela, ambaye wakati huo alikuwa mzima, alikwenda naye. Kwa muda alipewa usimamizi wa makazi hayo, akaongoza waumini wenzake huko, na akawa rafiki wa Padre Damien, Mbelgiji aliyefika mwaka huohuo, ambaye jina lake linajulikana sana katika parokia zetu. Hatimaye naye aliambukizwa ukoma, akafariki Agosti 1879. Kijana alimletea kitabu. Hakimu alionyesha jinsi kitabu kinavyotafsiriwa kwa matendo.

6. Kwa nini Afrika ilingoja

Msomaji wa Kongo atauliza: ikiwa vijana hao walifika Hawaii mwaka 1850, kwa nini walichelewa kwetu? Bahari na misitu havitoshi kuwa jibu. Mwaka 1852 Brigham Young alitangaza rasmi kwamba wanaume weusi wenye asili ya Afrika hawataruhusiwa kupata ukuhani, na katazo hilo lilidumu hadi Juni 1978. Wahawaii hawakuguswa nalo. Zaire ililitambua kanisa hilo mwaka 1986. Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili kikatolewa mwaka 2000. Na hekalu la Kinshasa likawekwa wakfu Aprili 2019. Kwa miaka 126, basi, kanisa la mhubiri aliyejifunza kusema kākou mjini Wailuku lilimwambia Mwafrika mākou. Ukweli huu haufuti wema wa Cannon, lakini historia yake haiwezi kuandikwa bila kuutaja.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba imani ya kijana ugenini ilisimama juu ya mambo matatu: uamuzi wa kubaki, mlango uliofunguliwa na mama mmoja wa Lahaina, na sikio la hakimu wa Wailuku. La kwanza lilikuwa lake, mawili alipewa. Cannon alikuwa na uungwana wa kulitaja jina la Napela. Katika Katanga, Maniema na Kivu, makatekista wangapi walikaa upande wa pili wa meza wakiulizwa neno hili lina maana gani, na majina yao hayamo katika kurasa za mbele za sarufi na vitabu vya sala? Kumbukumbu za misheni na familia za wazee hao bado zipo. Kazi ya kuwatafuta inafaa sana tasnifu za wanafunzi wetu, na ianze kabla wazee waliobaki hawajatutoka.